Orodha ya Walioruhusiwa Kufungua Kisanduku

Kisanduku kilipoletwa Mkanju, kilizinduliwa. Hakikufungwa tu ukutani kama mita ya stima. Kilizinduliwa kwa utepe mwekundu uliokatizwa mlangoni mwa kibanda cha soja, mlinzi wa lango, kwa sala mbili, na kwa hotuba ya dakika arobaini ambayo Mwenyekiti Dedan Mugo aliisoma akiwa amevaa suti nzito, jua la saa saba likimchoma utosini. Chini ya kisanduku likapigiliwa bamba la shaba lenye jina lake. Jina la fundi aliyekifunga halikuandikwa. Kimanzi, soja wa mchana, aliyeshikilia ngazi tangu asubuhi, hakutarajia la kwake.

Mkanju ni nyumba ishirini na nne za Buruburu, kumi na mbili zikitazamana na kumi na mbili, lango moja. Wakazi wake ni wastaafu wa maofisi pamoja na watoto wao waliokataa kuhama. Wana chama, chama kina kamati, na kamati ina mwenyekiti ambaye zamani alikuwa msimamizi wa masjala katika wizara fulani. Kazi yake ilikuwa kutunza mafaili. Akiisimulia mwenyewe, unaweza kudhani alikuwa akiendesha nchi.

Kazi ya kisanduku ilikuwa kugawa intaneti. Waya mmoja uliingia kutoka barabarani, nyaya ishirini na nne zikatoka kwenda majumbani, kila nyumba na fungu lake. Mgawo huo ulipangwa katika ukurasa maalumu wa kisanduku. Mtu aliyekuwa ndani ya mtandao wa Mkanju aliandika namba fulani kwenye simu au kompyuta yake, ukurasa ukafunguka ukiwa na kikufuli kidogo juu kando ya namba, ukamwomba neno la siri. Akilitoa, aliziona nyumba zote zimepangwa kama mafungu ya nyanya sokoni, na aliweza kuongeza hili na kupunguza lile.

Neno la siri Mwenyekiti alilitangaza kwenye kipaza sauti siku ya uzinduzi. Kwa ajili ya uwazi, alisema. Watu wakapiga makofi, na wengine wakaandika.

Haukupita mwezi kabla ya uwazi huo kuanza kuzaa matunda. Mama Shirleen wa nyumba ya kumi na saba alimpunguzia jirani yake wa kumi na sita, kwa sababu ya maombi yake ya alfajiri yaliyotoka kwenye spika. Jirani, mtu wa maombi, akampunguzia naye. Nyumba ya tisa ikajiongezea kidogo, ya kumi ikaona, ikajiongezea zaidi. Haya yote yalikuwa mambo ya ujirani na hayakumshangaza mtu. Ila kufikia mwezi wa tatu, mtu mmoja alijikatia nusu nzima. Nyumba ishirini na tatu zikabaki zinagombania nusu nyingine, na hali ikawa mbaya zaidi kila Jumanne asubuhi, picha zikiganda kwenye skrini, watu wamekodoa macho na midomo wazi kama samaki wa soko la Gikomba.

Kamati ikahitaji mkosaji. Na mkosaji mzuri wa kamati ni yule ambaye ukimkosea hutakutana naye kwenye harusi. Kisanduku kilikuwa kinaning'inia juu ya kichwa cha Kimanzi. Wangetafuta mbali kwa nini?

Barua aliyopewa Jumatatu ilikuwa na mhuri. Ilimtaka ajieleze, kabla ya mkutano wa wakazi Jumamosi saa nne, kwa nini asiachishwe kazi kwa kosa la kuingilia mali ya chama na kujinufaisha. Kimanzi aliisoma mara mbili, ameketi kwenye stuli yake. Miaka kumi na moja alikuwa akitoka kwake Shauri Moyo kwa miguu na kufika langoni hapo kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Kufukuzwa peke yake kungekuwa afadhali. Lakini malango ya Buruburu husemezana. Soja aliyefukuzwa kwa wizi katika awamu moja ya mtaa, awamu nyingine zote zimeshamsikia kabla hajavuka barabara. Binti yake mkubwa alikuwa kidato cha tatu. Mdogo alikuwa akimfuata kwa karibu.

"Soja," Awale akamwita. Awale alikuwa naibu mwenyekiti na mwenye duka kando ya lango. "Ni kweli umeiba intaneti ya watu?"

"Nimeiiba na nini?" Kimanzi akatoa simu mfukoni. Ilikuwa mulika mwizi, ya vibonye, yenye tochi kichwani na raba kiunoni ya kuzuia betri isitoke. "Na hii? Hii nikitumiwa ujumbe mrefu inazima."

Awale akaigeuza mkononi kwa makini ya daktari. "Mwenyekiti anasema siku hizi kuna wezi wa mtandao wajanja sana."

"Basi mimi ndiye mjanja kuliko wote. Naiba intaneti na tochi."

Awale akacheka, akamrudishia simu yake, akarudi dukani. Ndivyo watu wa kamati walivyo. Mmoja mmoja wanacheka nawe, wakikusanyika wanakupigia kura.

Jumatano fundi akaja. Frankline alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye begi lililojaa nyaya na haraka ya mtu mwenye kazi nne.

"Niaje, soja."

"Nafukuzwa kazi."

"Juu ya nini tena?"

"Juu ya hicho kisanduku chako."

Frankline alicheka mpaka alipoisoma barua. Akaikunja polepole. Wakati huo Mwenyekiti alikuwa ameshafika pamoja na katibu, Bi. Lydiah Aluoch, mwanamke aliyewahi kuwa karani wa baraza la jiji kwa miaka thelathini na ambaye hakuwahi kukosea mkato hata mmoja. Frankline akawageukia.

"Mzee, mbona mnahangaika? Hii kitu inaandika kila kitu. Mtu akiingia kwa ukurasa, inaandika ni nyumba gani, siku gani, saa ngapi, amebadilisha nini. Iko na daftari lake la ndani."

Kimanzi akahisi kifua chake kinafunguka kama dirisha. Mwenyekiti akakohoa.

"Basi lisome sasa hivi," akasema Bi. Lydiah.

"Katibu, taratibu," akasema Mwenyekiti. "Jambo la chama husomwa mbele ya chama. Jumamosi."

"Sawa," akasema Frankline. "Lakini kabla ya Jumamosi lazima tufunge huo ukurasa. Saa hii nyumba zote ishirini na nne zinaweza kubisha."

"Kuna kufuli. Nimeiona kwa macho yangu."

"Hiyo kufuli ni ya njiani, mzee. Inazuia mtu kuchungulia mnachoandikiana na kisanduku. Haizuii mtu kubisha hodi. Tunataka orodha ya mashine zinazokubaliwa kufungua ukurasa, zingine zote zikataliwe. Mbili zinatosha, yangu na ya Mama Aluoch."

Haikuwahi kuwako orodha Mkanju ambayo Mwenyekiti hakuwamo.

"Orodha," akasema, "ni suala la kamati."

Frankline hakubishana. Alimwonyesha Bi. Lydiah fomu yenyewe kwenye kompyuta. Kila mstari ulikuwa na anwani ya mashine, na mbele yake neno moja kati ya mawili, ruhusu au kataa. "Kisanduku kinasoma kutoka juu," akamwambia. "Kikifika kwa mstari wa kwanza unaomhusu huyo mtu, kinafuata huo na kinaachia hapo. Hakiendelei chini. Kwa hivyo wa kuruhusiwa wanatangulia, na ule wa kukataa watu wote unakuja mwisho kabisa. Umeshika, mama?"

"Nimeshika."

Kimanzi, aliyekuwa ameegemea mlango, naye alishika. Mwenyekiti hakushika chochote. Simu yake ilikuwa imelia, naye alikuwa akimweleza mtu kwa sauti kubwa kwamba yuko katika kikao cha kiufundi.

Frankline akaondoka kwenda Makongeni kwa kazi ambayo ingemfunga hadi Ijumaa. Aliahidi Jumamosi saa nne.

Alhamisi kamati ikakaa kutunga orodha, kwenye benchi la nje ya kibanda kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu. Bi. Lydiah aliweka laptopu magotini. Kimanzi alisimama langoni, hatua nne kutoka kwao, anaangalia barabara na kusikiliza kwa sikio moja.

"Wa kwanza ni mlezi wetu," akasema Mwenyekiti.

"Mlezi amehamia Kitengela," akasema Bi. Lydiah. "Hana hata waya hapa."

"Hatuwezi kuandika orodha ya chama bila mlezi. Itifaki izingatiwe."

"Kisanduku hakitaki mlezi. Kinataka namba."

"Mpe namba."

Akapewa namba isiyokuwa ya mtu. Wa pili akawa Mwenyekiti, wa tatu Mwenyekiti tena, kwa mashine yake ya chumba cha juu anachokiita ofisi. Wa nne akatajwa marehemu Mzee Wathome, mwanzilishi wa chama.

"Ngoja," akasema Awale. "Mimi niko wa ngapi?"

"Wa tano."

"Chini ya marehemu?"

"Marehemu ndiye aliyeleta lango hili, Awale."

"Wallahi namheshimu. Lakini yeye hatafungua huo ukurasa. Mimi nitaufungua."

"Suala si kufungua, suala ni heshima. Watoto wake wakisikia tulimwacha nje?"

Wakabishana nusu saa. Marehemu akabaki wa nne. Awale akafidiwa kwa kuandikwa mara mbili, nyumbani na dukani. Mchungaji akaingizwa kwa kuwa alisali siku ya uzinduzi, na mchungaji mwingine akaingizwa kwa kuwa yule wa kwanza ameingizwa. Wenyeviti watano waliopita wakaingizwa wasije wakanung'unika. Bi. Lydiah alipoinua kichwa, orodha ya kuwazuia watu ilikuwa na majina kumi na manne, lake likiwamo, na la fundi aliyesema wawili wanatosha halikuwamo.

"Sasa ule mstari wa kukataa watu wote," akasema. "Nauweka chini."

"Chini?" Mwenyekiti akasimama. "Katazo kubwa la chama uliweke chini, baada ya mchungaji? Katika masjala yetu, juu kabisa mlangoni paliandikwa HAKUNA RUHUSA YA KUINGIA. Majina ya walioruhusiwa yalibandikwa chini yake. Miaka ishirini na sita, hakuna faili lililopotea."

"Na kuna lililopatikana?" Awale akauliza.

"Weka juu, Katibu."

"Frankline alisema kinasoma kutoka juu na kinaishia—"

"Na mimi nasema nini? Ndiyo sababu jambo kubwa liwe juu. Kisanduku ni cha chama. Kitasoma kama chama kinavyosoma."

Kimanzi hakuwa amekusudia kusema. Lakini hilo lilikuwa jambo la lango, na mambo ya lango alikuwa ameyafanya miaka kumi na moja.

"Mwenyekiti, samahani. Hata mimi ukiniandikia mstari wa kwanza kwamba nisimruhusu mtu yeyote, sitasoma wa pili. Ukija wewe mwenyewe nitakufungia."

"Nani amekuuliza? Wewe ni mshukiwa. Katibu, andika: mshukiwa alinyamazishwa."

Bi. Lydiah akaandika. Kisha akamtazama Kimanzi kwa macho ya mtu anayemwomba radhi mwenzake kabla ya kumkanyaga, akapandisha mstari juu, akabonyeza kuhifadhi.

Ukurasa ukatoweka.

Akaandika namba upya. Hakuna kitu. Awale akajaribu kwa simu, hakuna. Mwenyekiti akapanda ofisini kwake, wakamsikia kupitia dirishani akikibonyeza kitufe kimoja kama anayeua siafu, akashuka jasho likimtoka.

"Umekataa?" akauliza Awale.

"Umekataa," akakiri Mwenyekiti. Akajifuta uso. Halafu, polepole, uso huo ukaanza kung'aa. "Hiyo ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Mnaona? Ikiwa hata mimi siwezi kuingia, mwizi ataingiaje?"

Walitazamana. Halafu, Mungu awasamehe, wakampigia makofi.

Kimanzi hakupiga. Daftari la ndani lililokuwa na jina la mwizi lilikuwa sasa limefungiwa mahali ambapo hata marehemu hangelifikia. Na jioni ile Bi. Lydiah alipita langoni na kumwambia jambo baya zaidi, akijifanya anatafuta funguo mkobani.

"Mwenyekiti ameniuliza kama kuna njia nyingine ya kukifungua. Nimemwambia ukweli, kabla sijafikiri. Kuna tundu dogo ubavuni mwa kisanduku. Ukilidunga kwa pini kwa muda kidogo, kinarudi kama kilivyotoka dukani. Kila kitu kinafutika."

"Na lile daftari?"

"Kila kitu, Kimanzi."

"Mbona aulize? Si fundi anakuja Jumamosi?"

Bi. Lydiah akapata funguo zake. "Hilo nami najiuliza," akasema, akaenda.

Mwenyekiti alikuja Ijumaa, saa tano na dakika kumi. Hakuwa na suti. Vidole vyake viwili vilishika kitu kidogo ambacho hakutaka kionekane, na Kimanzi, aliyekuwa na kazi ya kutazama mikono ya watu, alikiona tangu kona.

"Soja, nipishe. Nataka kuangalia kitu humo ndani."

"Karibu, Mwenyekiti." Kimanzi akatoa daftari la wageni, akalifungua, akampa kalamu.

"Hii ya nini?"

"Kanuni ya sita." Kanuni hizo zilibandikwa mlangoni, Mwenyekiti amezitunga mwenyewe na kuzisaini mwaka uliopita, alipomkuta Awale akinywa chai kibandani. Kimanzi hakuhitaji kuzitazama. "Hakuna mtu, wakiwemo wanakamati, atakayeingia kibandani bila kuandika jina, namba ya kitambulisho, nyumba, saa, na sababu kamili."

"Unanisomea kanuni zangu?"

"Nzuri sana, Mwenyekiti. Zimenisaidia."

Mwenyekiti akatazama kushoto na kulia. Mama Shirleen alikuwa akianika nguo, anaanika soksi moja kwa muda mrefu kuliko soksi inavyostahili. Mwenyekiti akachukua kalamu. Jina, akaandika. Kitambulisho, nyumba ya kwanza, saa. Kwenye sababu kalamu ikasimama, ikaacha doa la wino.

"Ukaguzi," akasema.

"Ukaguzi wa nini? Kanuni inataka sababu kamili."

"Wa usalama."

"Usalama wa kitu gani, uandike?"

"Kimanzi, unajua wewe ni nani?"

"Mshukiwa, Mwenyekiti. Ndiyo maana nafuata kanuni."

Mama Shirleen akaangusha soksi. Mwenyekiti akaushika ukurasa wa daftari kama anayetaka kuung'oa, akakumbuka kwamba kurasa zote zina namba na kwamba ni yeye aliyeamuru zipigwe namba. Akauachia. "Kesho utaona," akasema, akaondoka huku mkono mmoja umefumbwa.

Kimanzi hakwenda kula mchana huo. Alikaa ndani, mgongo ukutani, kisanduku kikinguruma taratibu juu yake. Jioni alimkabidhi mwenzake wa zamu ya usiku daftari, akamwonyesha mstari ule usio na sababu, na kumwambia maneno mawili. Mwenzake alikuwa mtu wa kusikia.

Jumamosi saa nne, wakazi walikaa uwanjani kwenye viti vya plastiki ambavyo Kimanzi alikuwa amevipanga tangu alfajiri, kama ilivyo desturi, hata kwa mkutano wa kumfukuza yeye. Mwenyekiti alifungua kwa kueleza kwamba mitambo imepata hitilafu ya kiusalama, kwamba kwa masikitiko daftari la ndani halifikiki, na kwamba kamati itaamua kwa busara. Alikuwa ndio kwanza anafika kwenye neno busara Frankline alipoingia na waya wa buluu shingoni.

Alikwenda moja kwa moja kibandani. Bi. Lydiah alimwandikia sababu daftarini yeye mwenyewe, akatia na saini. Frankline alichomeka ncha moja ya waya mgongoni mwa kisanduku, nyingine kwenye laptopu yake.

"Si umesema hata mwenyekiti amekataliwa?" mtu akamuuliza Awale.

"Huu ni mlango wa nyuma," akasema Frankline bila kugeuka. "Orodha inazuia wale wanaobisha kwa mtandao. Huu ni wa mtu amesimama hapa na waya mkononi." Akatazama skrini, akaanza kutikisika mabega. Ilibidi akae chini. "Nani ameweka kataa yote juu? Na huyu Wathome anafungua na mashine gani?"

"Endelea na kazi," akasema Mwenyekiti.

Frankline akaushusha mstari mahali pake na kuyaondoa majina kumi na matatu ya waheshimiwa kwa kidole kimoja, akabaki Bi. Lydiah, akajiongeza mwenyewe. Kisha akaleta laptopu mbele ya watu na kuanza kusoma daftari la ndani tangu ukurasa wa kwanza.

"Tarehe nne, nyumba ya kumi na saba imepunguzia ya kumi na sita. Tarehe tano, ya kumi na sita imepunguzia ya kumi na saba. Tarehe sita, ya tisa imejiongezea. Ya kumi imejiongezea. Ya ishirini na mbili imejiongezea, imepunguzia ya ishirini na tatu—"

"Ruka hapo," akasema Awale, mwenye nyumba ya ishirini na mbili.

"—ya nane imejiongezea mara sita—"

"Ruka, kijana!" zikatoka sauti kama kumi kwa pamoja. "Ya zamani hayo! Soma ile ya nusu!"

Frankline akateremka. "Ile ya nusu ni nyumba ya kwanza. Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Kisha kila Jumanne, anaongeza, anarudisha kidogo jioni. Nyumba ya kwanza pekee." Akainua macho. "Na kibanda cha soja hakimo. Hata mara moja."

Watu wote wakageuka kuitazama nyumba ya kwanza, kana kwamba wangeikuta imebadilika. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba pengine ni kosa la mashine, kwamba mashine za siku hizi, kwamba katika masjala—

"Dedan, waambie tu," akasema mkewe, Mama Eve, aliyeketi mstari wa pili. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kwa muda mrefu. "Ni ile video yake ya Jumanne. Anafundisha watu uongozi kwenye mtandao. Anavaa tai, anajifungia juu, na mimi nafunga maji jikoni yasisikike."

"Anafundisha wangapi?" akauliza Mama Shirleen.

"Kumi na mmoja. Mmoja ni mimi."

Huko nyuma mtu akacheka, akajifanya anapiga chafya. Kimanzi alikuwa amesimama kando ya nguzo, akingoja. Alidhani sasa kutazuka kelele. Hakukuzuka kelele yoyote. Kila aliyekuwa na mdomo alikuwa pia ndani ya lile daftari, na laptopu bado ilikuwa wazi. Awale akasimama, akakohoa, na kupendekeza kwamba chama kimshukuru Mwenyekiti kwa kuipima mitambo na kugundua udhaifu wake. Mchungaji akaunga mkono. Mwenyekiti aliyekuwa ameinama akainuka polepole, kama godoro lililokuwa limekaliwa.

"Asanteni," akasema. "Tufungue ukurasa mpya. Na kwa moyo huohuo, ninapendekeza tumsamehe na Kimanzi pia, aendelee na kazi."

Makofi yakaanza.

"Mnanisamehe nini?" Kimanzi akauliza.

Makofi yakakatika vibaya, moja moja.

"Kimanzi, mambo yamekwisha," akasema Awale kwa upole. "Chukua tu."

"Mlinipa barua ya mhuri, Awale. Inasema nimeiba. Nataka nyingine ya mhuri iseme sikuiba."

Walimtazama kama mtu aliyeomba kiti katika picha ya harusi. Mwenyekiti akasema barua zina utaratibu wake. Bi. Lydiah tayari alikuwa anaandika. Alimaliza, akampa Mwenyekiti asome, Mwenyekiti akakata maneno, akaandika neno lingine juu yake, akasaini haraka. Mhuri ukagongwa. Barua ikamfikia Kimanzi.

Aliisoma yote. Ilisema kwamba baada ya uchunguzi, kamati imeridhika kumsamehe Bwana Kimanzi. Chini ya neno *kumsamehe* paliweza kusomeka, kwa mwandiko nadhifu wa Bi. Lydiah, maneno yaliyokatwa: *kwamba hakutenda kosa lolote*.

Akairudisha mezani mbele ya Mwenyekiti.

"Hii siichukui."

"Unataka kazi au unataka maneno?"

"Nataka haya yaliyokatwa."

Jua lilikuwa limepanda. Watu walitaka kwenda nyumbani, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuinuka wa kwanza, kwa maana Frankline alikuwa bado ameketi na laptopu wazi, akipiga miayo, akiuliza kama aendelee kusoma ya tarehe saba. Mama Shirleen alisema, "Mwandikie jamani, tuondoke." Mwingine akasema hivyo hivyo, halafu wengi. Bi. Lydiah akatoa karatasi safi. Safari hii hakumpa Mwenyekiti asome kwanza. Alimwekea kidole mahali pa kusaini, na hakukiondoa hadi saini ilipotiwa.

Kimanzi akaisoma, akaikunja mara tatu, akaitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. Halafu akaenda kusimama langoni, kwa kuwa gari la maji lilikuwa linapiga honi nje na hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa jina lake. Mkutano ulipovunjika, wakazi walingoja kidogo kando ya viti, kwa mazoea, wakimtazama. Alikuwa na mgongo kwao, anamwandikisha dereva.

Viti walivirudisha wenyewe. Mwenyekiti alibeba viwili.